Ukikataliwa Mpakani, Mwenzi Wako Naye Amekataliwa

Mkenya akizuiwa kuingia Ulaya katika uwanja wa ndege wa Frankfurt, anarudishwa nyumbani akiwa na karatasi. Sheria ya mipaka ya nchi za Schengen inamtaka afisa ajaze fomu maalumu, aweke alama kwenye sababu iliyomzuia msafiri, ampe nakala na kumweleza mahali pa kukata rufaa. Kwa miaka mingi hata muhuri uliogongwa kwenye pasipoti ulipigwa alama ya msalaba na kuandikiwa herufi iliyoonyesha sababu. Inauma, lakini anajua kilichompata.

Mkenya huyohuyo akirudishwa kwenye mpaka wa nchi jirani, ndani ya Jumuiya yetu wenyewe ya Afrika Mashariki, anaweza kuondoka dirishani na neno la mdomo tu. Huingii. Rudi ulikotoka. Nimewasikiliza watu kadhaa hapa Nairobi waliopitia hayo, na kinachoniuma zaidi ni wale waliokuwa wakienda kumwona mume au mke. Mfanyabiashara akizuiwa hupoteza mzigo au mteja. Huyu anazuiwa kufika nyumbani kwake.

Na jiji hili limejaa ndoa za namna hiyo. Kuna wanaume wa Umoja wenye wake Arusha, wanawake wa Eastleigh wenye waume Mogadishu, watu wa Kawangware walioacha nusu ya familia Mbale au Kampala kwa sababu kazi imepatikana huku na shamba liko kule. Watu wa Afrika Mashariki walianza kuoana kabla ya mipaka kuchorwa, na hawajaacha. Hoja yangu ni hii: afisa anapomrudisha mtu aliyekuja kumwona mwenzi wake, amewahukumu watu wawili, na mmoja wao ni raia wa nchi ya afisa huyo. Kwa hiyo sababu lazima iandikwe, na ndoa lazima ipimwe kabla ya uamuzi. Hayo mawili yakikosekana, safari moja iliyokwama inageuka kuwa utengano usio na mwisho.

Ninamfahamu fundi mmoja wa kuchomelea vyuma Kariobangi. Mkewe ni muuguzi ng'ambo ya mpaka, na walikubaliana kwamba yeye ndiye atakayekuwa akisafiri kwa kuwa mke hapati likizo kwa urahisi. Alishapita kituo kilekile mara nyingi bila shida. Siku aliyokwama, afisa alimuuliza anakwenda kufanya nini, akajibu kwamba anamwendea mke wake. Akaulizwa cheti cha ndoa. Hakuwa nacho, kwa sababu mahari ilitolewa, wazee wakakaa, watu wakala na kunywa, na hakuna aliyekumbuka msajili. Pasipoti ikachukuliwa ikapelekwa chumba cha ndani. Aliketi kwenye benchi, begi la nguo za mtoto miguuni, akiwatazama abiria wa basi lake wakigongewa mihuri mmoja baada ya mwingine mpaka dereva akaja kumwambia kwamba hawezi kusubiri zaidi. Pasipoti iliporudi, aliambiwa haingii. Alipouliza kwa nini, akaambiwa ni maagizo. Ya nani, hakuambiwa.

Mkewe alikuwa stendi upande wa pili, simu mkononi. Yeye ni raia pale, analipa kodi pale, anahudumia wagonjwa pale, lakini hakuna aliyemuuliza lolote. Kwa mujibu wa dirisha lile, hakuhusika.

Tangu hapo fundi huyu hajui aanzie wapi. Huenda tatizo lilikuwa cheti, na hilo hutibiwa kwa kupata cheti. Huenda afisa alishuku kwamba anakwenda kufanya kazi bila kibali, kwa vile mikono yake ni ya fundi na alishaingia mara nyingi, na hilo hujibiwa kwa barua ya mwajiri wake wa Nairobi. Huenda jina lake limefanana na la mtu anayetafutwa, na hapo inabidi alisafishe jina makao makuu ya uhamiaji kabla ya kupanda basi tena. Au pengine afisa aliamka vibaya, na wiki iliyofuata angepita bila neno. Kila mojawapo ina dawa yake, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Bila sababu, amebaki kukisia, na kila akikisia anaogopa kwamba akijaribu tena na kukataliwa tena, rekodi yake itazidi kuharibika. Nchi haikumpiga marufuku, lakini hofu imemfungia.

Hapo ndipo njia za panya zinapoanza kuita. Kila mtu anayejua mipaka yetu anajua kwamba mita chache kutoka kwenye jengo la kisasa la forodha kuna kijana wa bodaboda anayevusha watu kwa nauli ndogo. Simlaumu mtu anayemfikiria kijana huyo huku mke anamsubiri ng'ambo. Lakini nawasihi wanandoa wasifanye hivyo. Aliyekataliwa dirishani ni msafiri ambaye hajavunja sheria yoyote, ilhali aliyepita vichochoroni amefanya kosa la jinai. Akikamatwa, afisa atakuwa na sababu halali aliyokuwa hana mwanzoni, na mwenzi aliyemhifadhi anaweza kuingizwa kwenye mashtaka. Njia ya panya humpa mtawala karatasi aliyoshindwa kuiandika mwenyewe.

Tuitazame sheria, maana sheria ipo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 7 kinampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia nchi nyingine mwanachama bila viza, kutembea humo, kukaa na kutoka. Kanuni zake zinaruhusu mgeni wa aina hiyo apewe pasi ya hadi miezi 6. Tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubali raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Busia na Namanga zikajengewa vituo vya pamoja, vikazinduliwa rasmi 2018, ili msafiri agongewe kutoka na kuingia ndani ya jengo moja. Nchi inaweza kuwekea haki hiyo mipaka kwa misingi mitatu tu: sera ya umma, usalama wa umma au afya ya umma. Ikifanya hivyo, inatakiwa kuziarifu nchi wenzake.

Jambo hili limeshafika mahakamani. Aprili 2011 wakili Mkenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe na ujumbe wa mawakili waliokuwa wanakwenda kukutana na Jaji Mkuu wa Uganda. Wenzake waliingia. Yeye alizuiwa, akatajwa kuwa mhamiaji aliyepigwa marufuku, na siku hiyohiyo akarudishwa Nairobi. Karatasi iliyokuwepo ilielekezwa kwa shirika la ndege, limrudishe alikotoka. Haikumweleza yeye kosa lake. Alikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha, na Mei 2013 majaji wakatoa uamuzi ambao kila mwanandoa wa mpakani angepaswa kuujua: Uganda ilikiuka Mkataba wa Jumuiya na Itifaki kwa kumzuia raia wa Jumuiya bila kumpa sababu na bila kumsikiliza. Uganda ilijitetea kwamba nchi huru ina mamlaka ya kumkataa mgeni yeyote. Mahakama ikasema nchi iliyotia saini Itifaki imejifunga yenyewe, na mamlaka hayo hayawezi kutumika kana kwamba Itifaki haipo.

Uamuzi huo una zaidi ya miaka kumi sasa. Kwa nini haujambadilishia fundi wa Kariobangi chochote? Sababu moja imo ndani ya Mkataba wenyewe. Kifungu cha 30 kinamtaka mlalamishi afungue kesi ndani ya miezi 2 tangu kitendo kilipofanyika au alipokijua. Hebu mfikirie mtu asiye na wakili, asiye na karatasi, ambaye miezi hiyo miwili anaitumia kupiga simu, kumtuma shemeji aulizie ofisini, kusubiri afisa fulani arudi kutoka likizo. Akija kutambua kwamba alikuwa na kesi, mlango umefungwa. Mohochi alikuwa wakili. Alijua siku ile ile ahifadhi nini. Haki inayomfaa wakili peke yake bado haijawafikia watu.

Sababu ya pili ina uzito zaidi kwangu. Kesi ile ilimhusu msafiri, na sheria zetu zimebaki zikimtazama msafiri. Mwenzi anayesubiri stendi hana mahali popote kwenye hesabu. Mahakama nyingine zimemwona. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Zimbabwe, katika kesi ya Rattigan, iliwasikiliza wanawake raia ambao waume zao wa kigeni walinyimwa ukaazi. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba wanawake hao hawakunyimwa chochote, kwani walikuwa huru kukaa nchini mwao. Mahakama ikasema hapana: ukimlazimisha mwanamke achague kati ya nchi yake na mume wake, umeigusa haki yake yeye ya kuishi na kutembea kwao kwa uhuru. Miaka 6 baadaye, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini katika kesi ya Dawood ikaenda mbele zaidi. Sheria ya huko ilimwachia afisa aamue kama mwenzi wa kigeni atakaa nchini wakati ombi lake linashughulikiwa, bila kumpa mwongozo wowote wa kuamulia. Jaji Kate O'Regan aliandika kwamba kuwatenganisha wanandoa kunagusa utu wao, kwa hiyo haiwezekani kumwachia afisa mamlaka ya namna hiyo bila kumwambia azingatie nini.

Huko Ulaya nako, mahakama ya umoja wao iliamua mwaka 2002 kwamba mgeni aliyefunga ndoa na raia wa nchi mwanachama asirudishwe mpakani kwa sababu tu hana viza, ikiwa anaweza kuthibitisha yeye ni nani na kwamba ndoa ipo, na hakuna kinachoonyesha kuwa ni hatari kwa umma. Kwa ufupi, ndoa ilihesabiwa kuwa sababu ya kumfungulia mlango.

Kwetu, ndoa huhesabiwa kinyume, na si kwetu tu. Wakenya wenye wenzi Marekani wanalijua hili vizuri. Sheria ya huko inamchukulia anayeomba viza ya kutembea kuwa anakusudia kuhamia mpaka athibitishe vinginevyo, na kuwa na mume au mke kule huongeza shaka hiyo. Kwa mujibu wa sheria yao ya 1996, mtu aliyefika uwanja wa ndege akaondolewa kwa amri ya haraka hufungiwa miaka 5, ilhali aliyeruhusiwa kuliondoa mwenyewe ombi lake la kuingia hafungiwi kwa amri hiyo. Tofauti ya miaka 5 ya ndoa imo kwenye jina la karatasi aliyopewa. Ndiyo maana nasisitiza karatasi.

Sasa turudi Nairobi, maana si haki kuwanyooshea vidole majirani tukajiacha. Katiba ya 2010 inasema katika Kifungu cha 45 kwamba familia ndiyo msingi wa asili wa jamii na inastahili kulindwa na serikali. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu, si raia peke yake, haki ya kupewa sababu kwa maandishi endapo hatua ya kiutawala imemdhuru au inaelekea kumdhuru. Bunge likaitungia haki hiyo sheria mwaka 2015. Na kabla ya 2010 mwanamke wa Kenya hakuwa na uwezo wa kumpatia mume mgeni uraia, ilhali mwanamume alimpatia mke bila taabu. Katiba mpya ilifuta ubaguzi huo: mume au mke wa Mkenya anaweza kuomba uraia baada ya miaka 7 ya ndoa, na sheria ya uraia na uhamiaji ya 2011 inamruhusu kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka 3. Tumepiga hatua kubwa, tena kubwa kuliko Tanzania, ambako sheria ya uraia ya 1995 bado inamtambua mke wa kigeni wa raia na kumwacha nje mume wa kigeni.

Lakini miaka 3 ya kwanza ya ndoa, ile ambayo watu wanajengana na kuzaa, mwenzi mgeni anaipita kwa pasi na vibali vya muda, na kila akivuka anakuwa tena mtu wa kushukiwa. Na Januari 2025 Baraza la Mawaziri lilipotangaza kwamba Waafrika karibu wote hawatahitaji tena idhini ya kusafiri ya mtandaoni, liliacha nje nchi mbili, Libya na Somalia. Somalia ni mwanachama kamili wa Jumuiya tangu Machi 2024. Kwa mwanamke wa Eastleigh ambaye mumewe yuko Mogadishu, tangazo lile la kufungua Afrika lilimfikia likiwa limefungwa.

Najua jibu la serikali, na silidharau. Jiji hili limezika watu waliouawa na magaidi Westgate na DusitD2. Nchi ina haki ya kumkataa mtu, na kuna ndoa zinazofungwa kwa ajili ya karatasi tu. Lakini mambo haya mawili hayahitaji ukimya. Afisa anayeamini kwamba ndoa ni ya uongo anaweza kuandika hivyo, na mwanandoa akajibu kwa picha, risiti za M-Pesa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na ushahidi wa wazee. Aliyeonywa na vyombo vya usalama anaweza kuandika kwamba msingi ni usalama wa umma bila kumtaja mpelelezi wala chanzo. Hata hilo peke yake lingemwambia msafiri kwamba cheti hakitamsaidia, na kwamba pa kupeleka hoja yake ni makao makuu. Kisha tukumbuke kwamba mtu hatari anayejua anachofanya hasimami kwenye foleni na kusema anakwenda kwa mke wake.

Mpaka ukifungwa wote, gharama huonekana na kila mtu. Uganda na Rwanda zilipokosana, mpaka wa Gatuna ulikuwa umefungwa kuanzia Februari 2019 hadi mwisho wa Januari 2022, na vilio vya familia zilizokatwa katikati vilisikika mpaka kwenye mikutano ya marais. Mtu mmoja mmoja anaporudishwa dirishani hakuna mkutano unaoitishwa, wala hakuna anayejua ni ndoa ngapi zimekufa hivyo.

Wanandoa nao wana kazi ya kufanya. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za kimila zikiwemo, na waliooana kimila wanapaswa kumwarifu msajili ndani ya miezi 3 baada ya sherehe kukamilika. Wengi hatufanyi hivyo. Tunatoa mahari, tunapiga picha, maisha yanaendelea. Mwenye mwenzi ng'ambo asikae hivyo hata mwezi mmoja zaidi. Aende kwa msajili wa ndoa pale Sheria House, au kwa kadhi kama ndoa ni ya Kiislamu, akate cheti, na nakala iwe ndani ya pasipoti kila safari. Akizuiwa, aombe sababu kwa maandishi hapohapo dirishani, kwa adabu na bila kelele. Akinyimwa, aandike mwenyewe tarehe, saa, dirisha na maneno aliyoambiwa kabla hajalala. Miezi 2 ya mahakama ya Arusha huanza kuhesabiwa siku hiyo. Safari nyingine akiulizwa kama aliwahi kukataliwa, aseme ukweli, kwa kuwa uongo huo hugeuka kuwa sababu mpya.

Na barua yenye uzito zaidi haitoki kwake. Inatoka kwa mwenzi aliye ndani, raia, ambaye anaiandikia idara ya uhamiaji ya nchi yake mwenyewe: mimi ni raia wenu, huyu ni mume wangu, mlimrudisha siku fulani, naomba mnieleze mimi kwa nini. Nimemshauri fundi wa Kariobangi amwombe mkewe aandike hivyo. Afisa anaweza kumpuuza mgeni aliyeko Nairobi. Kumpuuza muuguzi wa hospitali ya serikali yake, anayeuliza kuhusu nyumba yake, ni kazi ngumu zaidi, na akifanya hivyo naye ameacha ushahidi.

Serikali zetu nane hazihitaji mkataba mpya. Itifaki ipo, uamuzi wa 2013 upo, na kompyuta na mashine za kuchapishia zipo kwenye vituo vikubwa vya mpakani. Kinachohitajika ni fomu moja ya Jumuiya nzima, ya Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, itakayojazwa kila raia wa Jumuiya anaporudishwa: jina lake, tarehe, msingi upi kati ya ile mitatu, maelezo mafupi, namba ya afisa, ofisi ya kupokea rufaa na muda wa kuikata. Wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki (EALA) wanaweza kuidai kwenye kikao chao kijacho. Na kwenye fomu hiyo pawe na sehemu ambayo afisa hawezi kuiruka: kama msafiri ana mume, mke au mtoto ndani ya nchi, jina la mtu huyo, na afisa alimzingatia vipi alipoamua.